Kasho nayo ni masomo: barua ya wazi kwa bakubwa ya muji ya Lubumbashi

Ba papa na ba mama munaongoza hii muji, jambo yenu. Kuanzia ku meya mpaka ku baburugumestre, bashefu ya kartie, bakubwa ya polisi, baprefe ya masomo, na bale ba ku provinsi benye maneno ya vijana iko mu mikono yabo: barua ni yenu bote, nikisahau muntu anisamehe. Mi ni mwalimu ya sekondari, ninakaa mu site, ni mwaka ya 17 sasa ninasomesha sikoloji mu opsio pedagoji, na ku nyumba niko papa ya batoto 4. Sina politiki na hakuna muntu alinituma. Hasira niko nayo, mutaiona mbele, lakini nilingoja juma tatu ipoe kwanza juu barua ya hasira bakubwa habamalizake kuisoma.

Maneno njo hii. Siku ya posho moja mu mwezi ya tano, moto ilikuwa imekatika tangu saa kumi na mbili, batoto balikuwa banakaa pa kona, chini ya ile muembe yabo, sawa kila siku. Kwetu kila kona iko na kikundi yake na kila kikundi iko na jina. Saa mbili ya usiku jip ya polisi ikafika, buklaje, ni kusema kukamata kila muntu mwenye iko pale, mwenye alikimbia alikimbia, mwenye hakukimbia akapandishwa. Batoto 19. Mwana yangu ya pili alikuwa mule ndani, iko na miaka 15. Yeye hakukimbia juu alijua kama hakufanya kitu, na ile njo akili ya muntu mwenye hajakutana na jip.

Sisemi batoto yetu ni bamalaika, hapana. Ile juma telefone ya mama moja mwenye kuuzisha mikate ilipokonywa pa ile kona, na mwenye aliipokonya mi ninamujua, ni rafiki ya mwana yangu, alishakula bukari ku meza yangu mara mingi na anapendaka sana bitoyo ya bibi yangu. Polisi ilikuwa na sababu ya kukuya, ile sikatae. Kenye ninakataa ni kenye kilifwata.

Usiku ine. Kasho moja ya polisi, sitataja ya wapi, ukubwa yake ni ile ya chumba mwalimu anaweza kulipia na mushahara yake, munaelewa. Mule ndani balikuwa bale batoto 19 na bakubwa saba ao munane benye dosie ya kweli. Usiku ya kwanza mwana yangu alilia, alinambia mwenyewe. Ya pili, moja ya bale bakubwa akamupa fasi ya kulala karibu na mulango, fasi ya hewa. Ya tatu akamupa jina. Ya ine akamufundisha namna banafunguaka telefone yenye iko na nambari ya siri, na ku soko gani banauzishaka bila muntu kuuliza inatoka wapi. Nikalipa "amandi", risiti bule, tukarudi ku nyumba na miguu. Mu njia mi sikupata neno ya kusema na yeye alikuwa anatembea mutembeo yenye haiko yake.

Juma mbili kisha, vijana batatu benye sikubajua banafika ku parseli banamuita na ile jina ya kasho. Mbele ya buklaje mwana yangu alikuwa na marafiki bane. Kisha buklaje iko na 18, na moja mukubwa mwenye anamutumiaka ujumbe ku wasapu ya dada yake.

Sasa muniache niingie mu kazi yangu kidogo, juu ile ya ku nyumba munaweza kusema ni maumivu ya muzazi tu.

Mu klasi ya tano ninasomeshaka kazi ya Solomon Asch, muntu ya sikoloji wa Marekani, ya ku mwanzo ya miaka ya 1950. Alikuwa anaitisha banafunzi ba univerzite, anabaonesha mustari moja, kisha ingine mitatu, anauliza gani mu ile mitatu iko na urefu sawasawa na ile ya kwanza. Kazi ya mutoto ya primeri. Lakini mu kikundi bote balikuwa banajua muchezo, ila moja tu, na bale bengine mara mingi banajibu uongo, makusudi, na sauti ya muntu mwenye iko na hakika, moja kisha mwengine mpaka inafika ku ule maskini. Majibu yake karibu 37 ku mia ilifwata uongo ya bengine, na mu bantu 100 karibu 75 balianguka ata mara moja. Na pale hakukuwa fimbo, hakukuwa zawadi, hakukuwa ata muntu ya kuwacheka.

Mwaka yenye imepita nikasema tuifanye wenyewe. Chaki, tablo, banafunzi saba. Nikapanga na sita inje ya klasi. Ya saba alikuwa binti mwerevu, wa kwanza mu hesabu, niliona macho yake inaenda ku tablo, inaenda ku benzake, inarudi ku tablo, kisha anasema "B" na sauti ndogo sana, na B ilikuwa fupi, ata mbuzi ingeona. Klasi ikalipuka na kicheko na mi nikajuta, nilimuomba musamaha mbele ya bote na mpaka leo sipendi vile nilimufanyia. Ila sikia ya pili. Siku ingine nikarudilia, sasa na kijana ya mwisho kabisa mu pointi, na moja tu ya bale sita nikamwambia wewe sema ukweli. Moja tu. Ule kijana ya mwisho akasema "C" sawa vile anasoma jina yake ku karte. Asch naye aliona vile: ukimupatia muntu mwenzake moja mwenye anaona kenye yeye anaona, nguvu ya kundi inashuka sana.

Ninawaandikia hii juu kila mara kukisemwa vijana ku redio, bakubwa banasema "marafiki babaya, marafiki babaya", bazazi muwatenge batoto na marafiki babaya. Tuwatenge bakaye na nani? Mutoto ya 15 hakaake bila kikundi, ukimutosha mu moja anaingia mu ingine siku ile ile, na kama ile ingine njo ya kasho, basi njo ile. Kwa ile miaka kikundi ni fasi anajipimia: naongea vipi, navaa vipi, mi ni nani kama papa haiko hapa. Hata ninyi mulipita mule. Muulize tu ba mama zenu.

Kuna kazi ingine ya sikoloji, ya 2005, ya Margo Gardner na Laurence Steinberg, ba Marekani vilevile. Balichukua bantu 306, ba miaka 13 mpaka 16, ba 18 mpaka 22, na ba 24 kupanda, bakabachezesha muchezo ya gari ku ordinateri: taa inakuya manjano, ukiendelea unapata pointi, ukichelewa kusimama unagonga na unapoteza. Bengine peke yabo, bengine na marafiki pembeni. Bakubwa, marafiki bakiangalia ao basiangalie, ilikuwa karibu kitu moja. Vijana, mbele ya marafiki, balikuwa banathubutu mingi zaidi kuliko bakiwa peke yabo. Akili ya kujua hatari banayo, lakini macho ya benzabo inazidi ile akili. Mwenye anakaa karibu na njia ya Kasumbalesa hana lazima ya ordinateri, aende tu mangaribi aangalie vijana vile banarukiaka nyuma ya malori ya madini. Sijaona mutoto moja peke yake anaruka. Bane, batano, ndiyo, na ya kwanza kuruka ni mara mingi ule mwenye kuogopa zaidi, juu njo ule banamwitaka yuma.

Hii neno yuma, bakubwa, munaijua vizuri, hata kama sasa munavaa kostime. Mu kartie yuma ni muntu mwenye hajui muji, mujinga, mwenye anafwata maneno ya mama yake. Ilitoka mbali, ku Kinshasa ya Babill mwisho ya miaka ya 1950, vijana benye balikuwa banaiga bakauboi ya sinema, na Hindubill, luga yabo, pale mwerevu aliitwa yanke na mwengine yuma. Yanke imezeeka, yuma inaishi. Mi sijaona sheria ya Leta yenye iko na nguvu sawa hii neno moja. Inaondoa muntu ku masomo, inamupandisha ku lori, inamunywesha lutuku, ile pombe kali, ya kwanza, na kwa mabinti banayo yabo ya namna ingine yenye sitaandika hapa juu mama yangu anasomaka kenye ninaandika.

Lakini nisidanganye kama yote ni marafiki. Mwaka moja klasi yangu ya ine ilianza mwezi ya kenda na vijana 11. Ku Noeli moja akarudi toka karieri, kule banachimbaka madini, upande wa Kambove, viatu mupya, telefone kubwa, akalipia bote soda. Ku Pasaka nilibakia na sita. Munaweza kusema ni mufano mubaya ya rafiki, ndiyo, lakini tangu 2019 ni primeri tu njo haina minervali, sekondari bazazi banalipa, na bale batano bote balikuwa banafukuzwaka ku masomo kila mwezi juu ya makuta. Rafiki alionesha tu mulango, mulango ilikuwa wazi mbele. Moja mu bale batano alirudi, aliletwa na nani? Na rafiki, mwenye alimutumia notisi za fizike mu picha juma kwa juma mpaka akaona haya akarudi kupima Egzeta, ile mutihani ya Leta ya kumaliza sekondari.

Turudie ku kasho sasa, juu njo pale maneno yangu iko.

Mu 1999 batafiti batatu, Thomas Dishion, Joan McCord na François Poulin, baliandika kitu chenye kiliwaumiza bantu mingi ba kazi yetu. Balionesha kama kukusanya vijana benye matatizo fasi moja, ata ili kuwasaidia, ata na bamwalimu bazuri, mara ingine kunaongeza matatizo. Mufano moja ilianza mu 1939 ku Massachusetts: batoto banaume banapewa mushauri, banapelekwa ku daktari, bengine banapelekwa kambi ya likizo. Miaka 30 kisha McCord akawatafuta bakiwa bakubwa. Benye balisaidiwa hali yabo ilikuwa mubaya kupita benye habakusaidiwa, na zaidi kabisa bale benye balitumwa kambi mara mbili na kupita. Dishion alifika ku sababu kwa kurekodi vijana banaongea na marafiki: moja anaeleza vile alivunja sheria, mwengine anacheka. Basi, kile kicheko. Ni mushahara ya pale pale, na mwenye amelipwa anarudi kesho na hadisi ingine kali zaidi.

Ile ni kambi ya likizo, na chakula na michezo. Sasa muwaze kasho, usiku ine, bila kitu ya kufanya ila kuongea.

Na kila buklaje tunaifanya tena, tunachukua mutoto mwenye alikosea, mwenye aliona, na mwenye alikuwa anapita kununua mukate, tunawapa mwalimu ya kweli ya ile kazi, tunafunga mulango juu klasi isisumbuliwe. Kama mi ninataka kuunda genge njo vile ningefanya. Kuna benye banasema suluhisho ni kuwatuma Kaniama Kasese, ku kambi ya Leta, sawa bakuluna, vijana ba magenge, ya Kinshasa tangu 2020, balime mahindi. Kulima ni kazi ya heshima, na unga tunaihitaji, lakini mi ninauliza tu: usiku, kisha kulima, banaongea na nani?

Sheria iko, hatuombe mupya. Sheria 09/001 ya tarehe 10 mwezi ya kwanza 2009 inasema mutoto ni mwenye hajafika miaka 18, mwenye hajafika 14 haweze kubebeshwa kosa ya penali, na inaweka tribinali ya batoto na juji yake. Mapatano ya Umoja wa Mataifa juu ya haki ya mutoto, inchi yetu iliikubali mu 1990, kifungu ya 37 inataka mutoto mwenye amefungwa atengwe na bakubwa. Sasa ile usiku ya jip, mu bale 19, balikuwa babili ba miaka 13. Moja alikuwa na kamukate mu mukono, mama yake alinionesha ile mukate, iliwekwa ku dirisha sawa vile ni ushahidi.

Kenye ninaomba, kwanza: mutoto akikamatwa, muzazi aitwe ule usiku, na jina yake iandikwe, na asilale na bakubwa. Mwenye ameiba aende mbele ya juji ya batoto, ndiyo, aende, ata kama ni rafiki ya mwana yangu, ata kama ni mwana yangu. Bengine barudi ku nyumba. Haiombe bujeti, ni kufungua mulango tu.

Ya pili ni viwanja. Hapa ninataka kuwakumbusha kitu. Ule mwaka 1939, wakati ba Massachusetts banapanga mambo yabo, hapa kwetu, iliitwa Elisabethville, bapadri ba Benedikto ba Saint-Boniface balikuwa na banafunzi benye habakuwa na wazo ya kuwa bapadri, banatafuta kitu ya kuwapatia. Bakaunda timu ya balo, bakaiita Saint-Georges. Njo ile leo tunaiita TP Mazembe. Kikombe ya Afrika mara tano, finale ya dunia ya maklabu mu 2010 mbele ya Inter ya Milano. Ninajua kila mukubwa wa hii muji anapendaka kupigwa picha na Mazembe, na sikatae, ni furaha yetu bote. Lakini ilianza na batoto benye habana kitu ya kufanya na muntu mwenye aliwapa kitu ya kufanya, na kiwanja. Kiwanja ya kartie yangu, ile nilichezea mi mwenyewe, ilikatwa parseli sita. Fasi ya gol ya upande ya kusini ni sasa jiko ya muntu. Ni vizuri amejenga, simuchukie, lakini batoto bakaenda chini ya muembe juu kulibakia paka pale. Kama kuna kiwanja bado yenye haijakatwa mu Katuba, mu Kenya (komine yetu, haiko inchi), mu Rwashi, muandike chini kama haikatwi. Na taa. Mulingoti moja na taa ya jua pa kila kona kubwa, juu giza nayo ni rafiki, na inafundishaka mambo yake.

Kwa baprefe niko na neno moja fupi, nao ni bandugu yangu ba kazi: muache kuweka bote ba disipline mubaya mu klasi moja "ili bengine basome kwa amani". Ninajua juu gani munafanya, mi pia nilifanya miaka mitatu. Klasi ile ilinishinda.

Sisi kwa upande yetu hatukukaa. Tuko bazazi saba, na kijana moja mwenye alichezaka balo zamani, tunafanya timu siku ya posho. Kanuni ni moja tu na ilitoka mu ile hesabu ya mistari ku tablo: mu kila timu ya bantu saba, habapite babili ba kona moja. Babili ba muembe, babili ba korale ya parokia, moja wa kwado (fasi ya kutengeneza mapine), moja mwenye anasomaka ku taa ya stasio ya mafuta, moja mwenye ametoka karieri. Mwanzo balikataa kupeana balo kabisa, kila muntu anatafuta wa kona yake, ilikuwa mubaya kuangalia. Sasa banapeana. Ule mwenye aliiba telefone ni golikipa, mama wa mikate anakuyaka kumuangalia na macho ya kali sana, na kila juma anamulipa kidogo, falanga kidogo kidogo, haijaisha. Mwana yangu anakuya mara moja, mara ingine hakuye. Jina ya kasho bado banamuitaka nayo. Mutembeo ile, sasa hivi, ninaiona tu kama bale batatu bako karibu.

Tunachezea nyuma ya depo, fasi yenye mwenye depo alituachia mpaka mvua inaanza. Siku ya posho, saa kumi ya mangaribi. Mukuye muone, sio lazima na kamera. Balo tunayo moja, inatokaka hewa, na pompi ni ya kwado wa pale ku kona, yeye anafungaka saa kumi na moja, kwa hiyo musichelewe.